Swali la Mzee wa Bao

Haya niliyasema mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza gemu za simu, hapa Amu, yaani Lamu, alasiri moja. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Mahali nilipopotea na kurudi nimepaacha vilevile, maana baadhi ya waliokuwepo waliniambia hapo ndipo walipoelewa.

Assalaam aleykum. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, na nyinyi wadogo zangu mliojipanga nyuma karibu na soketi za umeme, nimewaona. Chajini simu, ila masikio niazimeni.

Nilikuja Amu na hotuba nyingine kabisa. Ilikuwa na michoro, mistari ya kijani inayopanda na mistari myekundu inayoshuka, na maneno makubwa ya ofisini ambayo hata mimi huyatamka kwa haya. Hotuba hiyo iko mezani kwa dada yangu, mtaa wa Langoni, na nimeiacha imewekewa kikombe cha kahawa juu yake. Aliyeniharibia ni mzee mmoja.

Jana nilishuka boti ya Mokowe jua likiwa limeshapinda, nikapita Mkunguni, pale mbele ya ngome. Wazee wako kwenye bao kama nilivyowaacha miaka mitatu nyuma. Sidhani kama waliinuka. Mmoja wao ni rafiki wa marehemu baba yangu. Akaniita kwa mkono: "Ndoo, keti." Mpinzani wake akanipisha. Tukaanza, na kama ilivyo desturi ya wazee wetu, mahojiano yakaanza pamoja na mchezo: watoto hawajambo, mama hajambo, na hiyo kazi yako ni ipi hasa, maana kila mtu hunieleza kivyake?

Nikamwambia: "Mzee, kuna gemu watu huzicheza kwenye intaneti. Nyingine zina miaka kumi, nyingine ishirini. Wanaolipa wakichoka huondoka. Kazi yangu ni kupanga mambo mapya ili wasichoke."

Akachota kete, akazipanda shimo baada ya shimo, bila kuniangalia. Kisha akasema: "Bao hili lina mashimo thelathini na mawili, lina kete sitini na nne. Babu yangu alilikuta hivyo. Mimi huja hapa kila siku baada ya alasiri. Sasa nyinyi mwabadilisha nini hata watu wawakimbie?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikatafuta jibu, na nilipokuwa nikilitafuta akaila nyumba yangu, lile shimo kuu, na kete zake zote.

Basi leo nataka nijaribu kumjibu mbele yenu. Swali lake ndilo swali la kazi yetu yote, na nimekaa vikao vingi na watu wanaolipwa vizuri sana ambao hawajalijibu.

Jibu rahisi kwanza, tulimalize. Bao halina mishahara. Fundi aliyelichonga alilipwa mara moja, akaenda zake. Gemu ya intaneti haimaliziki kuchongwa: kuna seva, zile kompyuta zinazobeba gemu, zinazokula umeme usiku na mchana, kuna watu wa kuziba makosa, wa kufukuza wadanganyifu, wa kujibu malalamiko. World of Warcraft, iliyofunguliwa Novemba 2004, humtoza mchezaji wa Marekani karibu dola 15 kwa mwezi, na pesa hiyo ndiyo inayowasha taa. Kwenye simu mambo ni mengine. Kuingia ni bure, wengi hawatoi hata senti, na kwa kawaida ni chini ya watu watano katika kila mia wanaolipa chochote. Ndani ya hao watano kuna mmoja anayebeba mzigo wa wenzake wote. Ofisini huitwa nyangumi, jina lililotoka kwenye nyumba za kamari. Mimi silipendi, kwa sababu nyangumi huvuliwa, akishavuliwa huchunwa mafuta. Mimi husema mpangaji. Mpangaji analipa kodi, anataka paa lisivuje, na akihama chumba kinabaki giza.

Sasa, namna gani unamweka mpangaji miaka ishirini? Kila unayemuuliza atakwambia: mletee kitu kipya. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Tazameni hesabu hizi basi.

Mwaka 2010 World of Warcraft ilitangaza kwamba imepita wachezaji milioni 12 wanaolipa. Hapo ilikuwa juu ya kilele. Kufika Septemba 2014 walikuwa wamebaki milioni 7.4. Novemba ya mwaka huo ikatoka sehemu mpya, Warlords of Draenor: nchi mpya, maadui wapya, ngazi kumi zaidi za kupanda. Watu wakamiminika, hesabu ikavuka milioni 10. Mngekuwa kwenye kikao siku hiyo mngesema upya umefanya kazi. Mwisho wa Machi 2015 hesabu ilikuwa milioni 7.1, yaani chini ya pale ilipoanzia. Juni ikawa 5.6. Novemba 2015 kampuni ikasema haitatangaza tena idadi ya wanaolipa.

Ni nini kilichotokea? Sababu ni zaidi ya moja. Mambo yaliyofuata yalichelewa, na yalipokuja yalikuwa machache. Lakini kuna moja ambayo mtu wa Amu ataielewa haraka kuliko mtu wa California. Katika sehemu ile kila mchezaji alipewa ngome yake mwenyewe. Ndani ya ngome kulikuwa na machimbo yake, bustani yake, wafanyakazi wake wa kutuma kazi. Kila kitu alichokuwa akikifuata mjini, akakipata nyumbani. Miji mikubwa ya gemu ile, ambako watu walikuwa wakisimama kuuza, kugombana, kuonyeshana farasi na silaha, ikapwaya. Kila mtu alikuwa sultani, yuko peke yake kwenye ua, anahesabu mawe.

Fikirieni kila nyumba ya mtaa wa Mkomani ipewe kisima chake, duka lake, msikiti wake na bao lake. Nani atapita njiani? Na baraza zilizo nje ya milango, za nini tena?

Nayasema haya bila kujiona bora, maana kosa kama hilo nimelifanya kwa mkono wangu. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, sitaitaja, ilikuwa na gemu ya kulima na kusafirisha mizigo kwa vyombo vya baharini. Katikati ya mji kulikuwa na soko. Ukitaka kuuza pilipili zako ilibidi uende mwenyewe, usimame, usubiri mnunuzi. Siku moja nikaangalia ripoti nikaona mamia ya wachezaji wamesimama sokoni dakika arobaini, saa nzima, hawafanyi kitu. Hawauzi, hawanunui, hawatembei. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Muda unapotea." Tukalivunja soko. Badala yake tukaweka kitufe: bonyeza, pilipili imeuzwa, hela imeingia. Tukajipongeza kwa kumpunguzia mteja usumbufu.

Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili waliokuwa wakilipa kila mwezi wakaanza kuhama, na waliotangulia walikuwa wale wa zamani kabisa. Nikamwandikia mmoja wao kumuuliza, mama mmoja aliyekuwa amekaa nasi miaka sita. Akanijibu kwa sentensi moja: "Sijui tena wenzangu wako wapi." Ndipo nikaenda kufungua kumbukumbu za mazungumzo ya sokoni, kitu ambacho nilitakiwa kukifanya kabla. Wale waliosimama saa nzima "hawafanyi kitu" walikuwa wakizungumza. Mmoja alikuwa akiwafunza wageni kutaja bei. Wawili walikuwa wakibishana mpira kila jioni ya Jumamosi. Yule mama alikuwa akisalimia kila anayeingia, kwa jina. Mimi nilikuwa nimevunja baraza kwa sababu waliokaa juu yake hawakuwa wakinunua.

Tulilirudisha soko. Baadhi walirudi. Yeye hakurudi.

Kwa hiyo, mzee wangu, nusu ya jibu lako nimeipata kwako mwenyewe. Bao halibadiliki kwa sababu si bao unalolirudia. Unamrudia yule anayekaa upande wa pili, ambaye jana alikula nyumba yako akakutania mbele ya watu, na leo una deni naye. Mpinzani ndiye kitu kipya, na hakuna studio inayoweza kuchonga kitu kipya kila siku kama binadamu anavyoweza. Mwalimu mmoja wa Uingereza, Richard Bartle, aliyeshiriki kutengeneza gemu ya kwanza kabisa ya namna hii pale Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji ni wa aina nne: wanaotafuta ushindi na ngazi, wanaopenda kuchungua, wanaokuja kwa ajili ya watu, na wanaofurahia kuwasumbua wenzao. Sisi watengenezaji tunapoambiwa "leta kipya" huwafikiria wale wawili wa kwanza tu. Tunaongeza ngazi, tunaongeza nchi. Na ngazi zenyewe zina mwisho wake: World of Warcraft ilianza na ngazi 60, ikapanda sehemu baada ya sehemu hadi 120, na mwaka 2020 wenyewe wakaziminya zikawa 50, kwa sababu mgeni akitazama juu alikuwa haoni hata dari.

Nusu ya pili ya jibu sikuipata Mkunguni. Niliipata utotoni, kijijini Matondoni.

Ami yangu alikuwa fundi wa vyombo. Likizo za shule nilipelekwa kwake, kazi yangu ikiwa ni kusokota pamba na kufukuza kuku. Jahazi likiletwa kukarabatiwa huachwa lilale ubavu maji yakishapwa, na fundi hulizunguka na nyundo ndogo, anagonga, anasikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Anaung'oa ule mmoja, anachonga mwingine kwa kuupima na tundu lililobaki, si kwa kuupima na mbao zilizoko dukani. Kisha kukalafati: pamba iliyolowa mafuta inashindiliwa kwenye nyufa kwa patasi, taratibu, mpaka mkono unakufa ganzi. Mwisho deheni, mafuta ya kuzuia maji, chini yote. Nilimuuliza siku moja kama chombo kile kilikuwa kimezeeka. Akasema: "Mbao za chombo hiki nimeshazibadilisha karibu zote, na nahodha hajawahi kuniuliza chombo chake kiko wapi. Lakini mkuku, gogo la chini linalobeba chombo kizima, sijaugusa. Nikigusa mkuku nimeunda chombo kingine, na mwenyewe atakuwa na haki ya kukikataa."

Gemu nayo ina mkuku. Ni kile ambacho vidole vya mchezaji vinakijua bila yeye kufikiri: namna ya kupigana, namna ya kuuza, kazi aliyojichagulia na akaitwa kwayo na wenzake. Mavazi, nchi mpya, maadui, sherehe za Idi na za mwaka mpya, hizo ni mbao.

Kulikuwa na gemu iliyoitwa Star Wars Galaxies, iliyofunguliwa mwaka 2003. Ilikuwa na kazi zaidi ya 30 za kuchagua. Ungeweza kuwa mshonaji, mpishi, mcheza ngoma kwenye vilabu vya sayari, tabibu. Ajabu ni kwamba watu walilipa kila mwezi wawe washonaji. Novemba 2005 wenye gemu wakaamua kuifanya nyepesi ili ivute watu wengi zaidi: kazi zaidi ya 30 zikawa 9, mapigano yakageuzwa kabisa. Na ubaya zaidi, walikuwa wametoka kuuza sehemu mpya siku chache tu kabla. Ikabidi warudishe pesa kwa waliodai. Mtu amekaa miaka miwili akijenga jina la ushonaji, anaamka asubuhi, kazi yake haipo duniani. Wale wengi waliotarajiwa hawakuja, na wale waliokuwepo wakaondoka kwa hasira. Gemu ikajikokota hadi Desemba 2011 ikafungwa. Hapo mkuku uligeuzwa kuni.

RuneScape nayo iliuguza kidonda cha namna hiyo, ila dawa waliyoipata ni ya kuchekesha. Hii wengine humu mnaikumbuka. Tuliicheza saiba, tukilipia kwa dakika, tukigombania kompyuta ile moja iliyokuwa na kipanya kizima. Ilianza Uingereza mwaka 2001. Novemba 2012 wakabadilisha mapigano yote, na wachezaji wakongwe wakaanza kutoka. Kumbe ndani kulikuwa na nakala ya zamani, ya Agosti 2007, imehifadhiwa. Februari 2013 wakawauliza watu: mwaitaka? Kura zikapita 400,000, nakala ikafunguliwa, na leo hiyo ya zamani ndiyo yenye watu wengi kuliko ile iliyotengenezwa kuwa mpya. Tena waliweka sharti kwamba jambo jipya likitaka kuingia, lipigiwe kura na wachezaji, na mwanzoni lilihitaji asilimia 75 kupita. Sharti hilo limezuia mambo mengine mazuri, nina hakika. Lakini mchezaji hulala akijua hataamka akakuta kazi yake haipo duniani.

Nikiri kitu hapa, kwa sababu hadithi hii inanipinga kidogo. Mimi hupenda kusema kwamba mchezaji hurudi kufuata mali yake aliyoiacha. Ila waliorudi kwenye RuneScape ya zamani walianza wote ngazi ya kwanza, mikono mitupu, wanakata miti kama watoto. Mali hawakuwa nayo. Walifuata mahali. Fortnite iligundua hilohilo Novemba 2023, iliporudisha ramani yake ya zamani: siku moja waliingia watu milioni 44.7, rekodi yao wakati huo. Kampuni iliyokuwa ikitumia nguvu zote kutengeneza vipya ikapata siku yake kubwa kuliko zote kwa kufungua kabati.

Na hapo tunafika kwenye misimu, jambo ambalo pwani hii haihitaji kufunzwa na mtu.

Babu zetu walijua kwamba mgeni huja na kaskazi na kuondoka na kusi. Hakuna aliyesimama gatini akilia kwamba majahazi ya Arabuni yanaondoka, wala aliyeyafunga nanga kwa nguvu. Mji ulijua yatarudi, ukatengeneza boriti, ukakausha papa, ukaweka ghala tayari. Gemu nyingi sasa zimejifunza hivyo bila kujua. Path of Exile huanzisha ligi mpya kila baada ya miezi michache, kila mtu anaanza sawa, wengine wanacheza wiki tatu wanaenda zao mpaka ligi ijayo. Fortnite ilikuwa na ujasiri hata wa kujizima: Oktoba 2019 dunia yake yote ilimezwa na shimo jeusi, na kwa karibu siku mbili ukiifungua gemu unaona shimo tu. Mamilioni walikaa wakitazama shimo. Kipya kikishatamaniwa, hata kabla hakijafika, kimeshafanya nusu ya kazi.

Lakini mwalimu wangu katika hili ni Mjapani, Naoki Yoshida. Final Fantasy XIV ilitoka Septemba 2010 ikiwa mbovu mno. Desemba mwaka huo akakabidhiwa yeye. Hakuifunga papo hapo akawaacha waliolipa. Aliendelea kuitengeneza ile mbovu kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukijenga mpya, na Novemba 2012 akaimaliza ya kwanza kwa kisa chake chenyewe: mwezi ukashuka kutoka mbinguni ukaivunja dunia, wachezaji wakiwa wamesimama pamoja wanautazama. Agosti 2013 dunia mpya ikafunguliwa, na waliokuwepo tangu mwanzo wakaingia na wahusika wao walewale. Yoshida amesema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba ukimaliza mambo mapya ni sawa usitishe malipo, ucheze gemu nyingine, urudi tukitoa jingine. Ofisi niliyokuwemo wakati huo ilimwona mwendawazimu. Desemba 2021 watu walirudi wengi kiasi kwamba seva zililemewa, na kampuni ikasimamisha kuuza gemu yenyewe. Duka linakataa wateja!

Asije akaonekana malaika. Katika gemu hiyohiyo, ukiwa na nyumba na usipoingia humo siku 45, nyumba inabomolewa, apewe mwingine kiwanja. Wanasema viwanja ni haba, na kweli ni haba. Lakini najua watu wanaolipa mwezi mzima ili waingie mara moja kufungua mlango na kuufunga. Huo ni upangaji wa woga, na siku woga ukiisha hawatarudi kusalimia.

Mimi mwenyewe niliwahi kutengeneza woga wa kienyeji. Tulikuwa na zawadi ya siku saba mfululizo: ukikosa siku moja unaanza upya. Saa ya kubadilisha siku iliwekwa asubuhi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa ya magharibi. Ukafika Ramadhani. Barua zikaanza kuja kutoka Mombasa na kwingine pwani. Kijana mmoja akaandika kwamba mama yake amemshika na simu mkononi, tende mdomoni. Nilikuwa mimi peke yangu kwenye timu niliyefunga, na ni mimi niliyekuwa nimeidhinisha ile saa. Tuliondoa neno "mfululizo". Siku saba zozote ndani ya mwezi. Waliomaliza waliongezeka, na kijana yule akaendelea kufuturu kwa amani, natumai.

Kuhusu kuuza nitasema machache, maana mnakijua mnachokiuza kuliko mimi, na wakati unakimbia. Mwaka 2011 EVE Online, gemu ya vyombo vya angani kutoka Iceland, iliweka dukani miwani ya jicho moja, pambo tu la uso, kwa zaidi ya dola 60. Wachezaji walikusanyika na vyombo vyao kwenye kituo kikubwa cha biashara wakaanza kulipiga risasi sanamu lililokuwa hapo, wakijua halivunjiki. Hawakuwa na hasira na miwani. Walihofia kitakachofuata: kwamba kesho ushindi nao utauzwa. Mkubwa wa kampuni aliandika barua ya kuomba radhi Oktoba. Nao EVE tangu mwaka 2008 wana baraza la wachezaji linalochaguliwa kwa kura, na wakati wa mgogoro ule waliliita mpaka Reykjavik wakaketi nalo. Kuwa na watu wa kuwaita ni jambo la kupanga mapema, kabla risasi hazijaanza.

Na yale makasha ambayo unalipa bila kujua ndani mna nini: Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba kwenye gemu kadhaa ni kamari, na inakatazwa. Sisi hapa hatukuhitaji Ubelgiji kutuambia. Mkiyaweka kwenye gemu yenu mtapata pesa haraka, sitawadanganya. Ila mtauza kwa watoto wa mtaa wenu, na Amu njia zake ni nyembamba, utakutana na baba yao.

Neno moja la kifundi kwa wadogo zangu wa nyuma, halafu niwaachie maswali. Mnapofikiria kuleta kipya, pimeni uzito wake kwanza. Nimeona gemu nzuri ikipoteza wateja wa visiwani kwa sasisho moja la gigabaiti mbili. Kijana wa Faza ananunua bando la siku, linaisha sasisho likiwa nusu, kesho ananunua jingine, linaanza mwanzo. Kesho kutwa amefuta gemu apate nafasi ya picha za harusi ya dada yake. Huyo hakuchoka na gemu yenu. Gateni sasisho vipandevipande, lishuke hata likikatika katikati liendelee, na lijaribuni kwenye simu ya mama yako, si kwenye simu yako. Ubao mmoja kwa wakati mmoja, kama Matondoni.

Nilirudi Mkunguni leo asubuhi kumwambia mzee haya yote. Alisikiliza, nadhani. Akasogeza bao upande wangu, akaanza kugawa kete. Tulicheza, akanipiga tena, mara mbili. Nilipoinuka kuja huku akaniuliza, "Kesho waja?"

Basi langu la Mombasa lilikuwa kesho saa moja asubuhi, kutoka Mokowe. Nilipita ofisini kwao nikija hapa. Sasa ni la kesho kutwa.

Haya, maswali. Naanza na yule mwenye kofia, aliyekuwa akicheza tangu nilipoanza kusema. Unacheza nini, ndugu yangu?